Rubani, pima uchovu kwa saa: mwongozo wa safari ndefu za usiku kutoka Entebbe

Ilikuwa saa kumi kasoro robo usiku, tunarudi Entebbe kutoka nchi za Ghuba, nami nikiwa rubani msaidizi. Mwongoza ndege akatupa kimo kipya cha kushukia. Nikakirudia redioni sawasawa, sauti haina wasiwasi. Nikanyoosha mkono kwenye kitufe cha kupangia kimo, na mkono ukabaki pale pale. Namba ilikuwa imenitoka kichwani. Nikamgeukia kapteni: "Mzee, wamesema ngapi?" Akanitazama kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Naye hakuwa nayo. Tukaomba turudiwe, tukarudiwa, tukashuka, tukatua salama.

Kusahau kwenyewe hakukunitisha sana. Kilichonitisha ni kwamba dakika tano kabla ya hapo, mtu angeniuliza hali ningemjibu niko sawa, na nisingekuwa namdanganya.

Njaa ikikushika unaijua, na malaria hukutetemesha mpaka ukalala chini. Uchovu huanza kwa kula akili ile ile ambayo ungeitumia kuutambua. Ndiyo maana hatua zote zilizomo humu zinasimama juu ya jambo moja: uamuzi kuhusu uchovu ufanywe mapema, akili ikiwa bado nzima, na ufanywe kwa kuhesabu saa. Ukingoja mwili ukwambie, umechelewa.

Nawaandikia marubani vijana, hasa wanaotoka Soroti, chuo kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, ambako Mganda, Mkenya na Mtanzania tulielewana kwa Kiswahili nje ya darasa. Nawaandikia pia wake, waume na wazazi wao, kwa sababu nusu ya kazi hii hufanyika nyumbani.

Hatua ya 1: Jua uchovu unakula nini

Wengi wanadhani uchovu ni kusinzia. Kusinzia huja mwishoni. Kope hazijawa nzito bado, tayari vitu vingine vimeshaondoka kimyakimya.

Kumbukumbu ya papo kwa papo ndiyo huanza kuvuja: namba uliyopewa sasa hivi, swichi uliyokuwa unaiendea. Macho nayo huanza kung'ang'ania kitu kimoja na kuviacha vingine. Hesabu ndogo ya mafuta ambayo mchana unaifanya huku ukiongea, usiku unaifanya mara mbili na majibu hayafanani. Na mdomo hufungwa: mtu aliyechoka huona kusema ni kazi, kwa hiyo anaona kosa la mwenzake na kulinyamazia. Hayo hayaji kwa mpangilio mmoja kwa kila mtu. Jifunze lipi huanza kwako. Kwangu mimi ni namba. Rafiki yangu mmoja hukasirika kwa mambo madogo, na tulipojua hivyo tulianza kuichukulia hasira yake kama taa ya onyo.

Mfano ninaoupa uzito kuliko yote ni wa Guantanamo Bay, Cuba, tarehe 18 Agosti 1993. Ndege ya mizigo aina ya DC-8 ilikuwa inakuja kutua. Kapteni alikuwa macho kwa saa 23 na nusu. Alikuwa anatafuta taa ya kumetameta iliyotakiwa kumwonyesha mpaka asiouvuka, na siku hiyo taa ile haikuwa inawaka. Wenzake wakamtahadharisha kuwa mwendo unapungua. Yeye akaendelea kuuliza taa iko wapi. Ndege ikapoteza nguvu ya kuelea, ikalala upande, ikaanguka karibu kabisa na njia ya kutulia. Wote watatu walijeruhiwa vibaya, wakapona. Wachunguzi wa Marekani waliutaja uchovu wa marubani kuwa chanzo cha ajali, jambo ambalo hawakuwa wamelifanya kabla ya hapo. Mtu yule hakuwa amelala. Alikuwa macho wazi, anaongea, anaendesha, na akili yake yote imeingia ndani ya taa moja isiyokuwepo.

Halafu kuna lepe. Lepe la usingizi linaweza kuchukua sekunde mbili, nne, hata kumi, na aliyelipata mara nyingi hajui kama limempita. Ndege iendayo kilomita 850 kwa saa hukata karibu mita 236 kila sekunde. Sekunde nne ni karibu kilomita nzima ambayo hakuna aliyeiendesha.

Ukitaka kipimo cha kulinganisha, watafiti huko Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho kwa saa 17 hufanya majaribio ya jicho na mkono vibaya sawa na mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Akifikisha saa 24, ni kama mwenye asilimia 0.10. Rubani anayenuka waragi hapiti mlangoni. Aliye macho tangu jana asubuhi anapita, shati limenyooshwa, anasalimia kila mtu.

Na usijidanganye kwamba umezoea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliwafuatilia watu waliolala saa sita tu kila usiku kwa wiki mbili. Wenyewe walisema wamechoka kidogo tu. Vipimo vya umakini wao vilikuwa vimeshuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha, na viliendelea kushuka siku hadi siku.

Hatua ya 2: Hesabu namba tatu kabla hujavaa sare

Chukua karatasi. Usifanye kichwani.

Andika, kwanza, umelala saa ngapi katika saa 24 zilizopita. Zikiwa chini ya tano, hiyo ni hatari. Andika, pili, umelala saa ngapi katika saa 48. Zikiwa chini ya 12, hiyo nayo ni hatari. Tatu, na hii ndiyo wengi huiruka, hesabu utakuwa umekaa macho kwa saa ngapi wakati magurudumu yatakapogusa ardhi, kisha ulinganishe na usingizi wa zile saa 48. Saa za kuwa macho zisizidi saa za usingizi.

Tuseme unaruka saa saba usiku kwenda London, mwendo wa karibu saa tisa. Umelala kwa muda wa saa saba kila usiku, siku mbili mfululizo, na leo umeamka saa moja asubuhi. Usingizi wako wa siku mbili ni saa 14, unajiona mtu aliyepumzika vizuri. Lakini utatua saa nne asubuhi kwa saa za Entebbe, na hapo utakuwa macho kwa saa 27. Hesabu imekataa, tena kwa mbali.

Sasa lala kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili usiku. Ni saa tatu tu. Usingizi wako unakuwa saa 17, na saa za kuwa macho mpaka kutua zinakuwa 14. Safari ni ile ile, mtu ni yule yule, na hesabu imekubali. Sijui jambo jingine katika kazi yetu linalonunua usalama mwingi hivi kwa bei ndogo hivi.

Pima muda wa kutua. Wengi hupima muda wa kuondoka, na kuondoka mara nyingi mtu yuko sawa.

Hatua ya 3: Isome rosta kwa saa za mwili wako

Rosta, yaani ratiba ya safari zako, huandikwa kwa saa za dunia, zile tunazoziita Zulu, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna hatua moja zaidi ya kuruka. Rosta ikisema 2200, simu yako inasema 0100, na mama watoto anasema saa saba usiku. Na tarehe imebadilika. Akili iliyochoka huteleza hapo hapo. Rosta ikitoka tu, ukae mezani asubuhi ukiwa mzima, uandike kila safari upya kwa saa za nyumbani, kisha upake rangi kipande cha kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri.

Kipande hicho ndicho adui. Joto la mwili hushuka, na usingizi husukuma kwa nguvu zake zote hata kama ulilala mchana. Kazi inayoangukia humo inahitaji mikono miwili na macho manne.

Wengi wanaorudi na uchovu huilaumu tofauti ya saa za nchi. Kwa wanaoruka kuvuka bahari ya Pasifiki hiyo ni kweli, kwa sababu mwili huzoea ukanda mpya taratibu, karibu saa moja kwa siku. Ila tazama ramani ukiwa Entebbe. Dubai inatutangulia kwa saa moja. Mumbai inatutangulia kwa saa mbili na nusu. Johannesburg iko nyuma yetu kwa saa moja, Lagos mbili, London mbili au tatu kulingana na majira. Safari zetu ndefu zinashuka na kupanda ramani kuliko zinavyoivuka. Saa ya mwili inabaki Entebbe. Kwa hiyo ukiwa hotelini Dubai kwa usiku mmoja, usihangaike kuzoea chochote: kula na ulale kwa saa za nyumbani. Kinachotuchosha sisi ni kukesha.

Neno kuhusu sheria. Ulaya, kwa mfano, inamzuia rubani asizidishe saa 100 za kuruka katika siku 28, wala saa 900 katika mwaka. Kila nchi mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga inatakiwa kuwa na mipaka ya aina hiyo, na hapa msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Mipaka hiyo inalinda, lakini haijui kwamba mtoto wako alikuwa na homa usiku kucha. Unaweza kuwa ndani ya sheria na nje ya hesabu ya Hatua ya 2. Hilo likitokea, fuata hesabu.

Hatua ya 4: Ulinde usingizi wa mchana nyumbani

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tunaposhindwa.

Kwetu, mtu mzima akilala saa kumi na moja jioni anaonekana mvivu au mgonjwa. Jirani akija na kuambiwa "Baba Aisha amelala", atauliza ana nini. Shangazi akitoka Masaka hawezi kuambiwa asubiri. Na msiba? Msiba haungoji rosta. Ukikosa kukesha penye matanga ya mjomba utakumbushwa kwa miaka. Sherehe ya kwanjula, ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, inaweza kuanza mchana na kukuachia jioni sana, na wewe una ndege usiku huo huo.

Sidharau mila hizo. Nimelelewa nazo, nimeota mizizi humo. Lakini nimejifunza kwamba watu wetu wanaelewa wakielezwa mapema na kwa heshima, na hawaelewi wakikatwa ghafla. Fanya hivi. Siku rosta inapotoka, kaa na mwenzako wa nyumbani mpitie mwezi mzima pamoja. Mwonyeshe siku zilizopakwa rangi. Mwambie waziwazi: "Siku hizi, kuanzia saa kumi jioni, mimi sipo. Nihesabu kama nimeshaondoka." Kwa wazee, piga simu mwenyewe: "Shikamoo shangazi. Ijumaa ninabeba watu zaidi ya mia mbili usiku, kwa hiyo nitakuja kuhani Jumamosi asubuhi." Sijawahi kukutana na mzee aliyekataa sentensi hiyo. Hukataa anapoambiwa tu "nina kazi".

Chumba nacho kina kazi yake. Tundika pazia zito, au hata blanketi dirishani, maana mwanga huuambia ubongo ni mchana. Feni isaidie kupooza na pia kufunika kelele. Mlio wake wa aina moja huzima jenereta ya jirani na spika za dukani. Vizibo vya masikio bei yake ni ndogo. Simu ilale sebuleni, na mtu mmoja tu awe na ruhusa ya kukuamsha. Kama usingizi hauji, usiinuke kwenda kutazama mpira. Lala gizani macho yamefumbwa, mara nyingi utapitiwa.

Kuna dakika tisini za mzunguko wa usingizi, zaidi au pungufu kidogo. Kwa hiyo, kama huwezi kupata saa tatu, lenga saa moja na nusu. Kama hata hiyo haipo, dakika ishirini ni bora kuliko sifuri.

Na foleni. Anayekaa Ntinda au Kireka, vitongoji vya Kampala, anaweza kutumia saa mbili barabarani kabla hajafika kwenye barabara ya kasi ya Entebbe. Saa hizo ni za kuwa macho, zihesabu. Katika ajali ya Buffalo, Marekani, ya tarehe 12 Februari 2009, iliyoua watu 50, rubani msaidizi alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka upande wa pili wa nchi kuja kazini, na kapteni alikuwa amelala katika chumba cha wafanyakazi uwanjani. Hakuna rosta iliyoonyesha hayo. Ukiweza, panga chumba Entebbe kwa siku za safari ndefu, hata mkichanga wenzako watatu. Lala huko.

Hatua ya 5: Kahawa, chakula na dawa

Kahawa nyingi inayolimwa Uganda ni robusta, na robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Mlima Elgon. Jua unakunywa ipi. Huchukua kama nusu saa kufanya kazi, na baada ya saa tano au sita nusu yake ingali mwilini. Kunywa kikombe kidogo karibu na saa nane usiku, kingine baadaye ikibidi, kisha acha kunywa zikibaki saa sita kabla ya muda uliopanga kulala. Anayekunywa tangu jioni hulifikia lile eneo la hatari akiwa ameshaitumia silaha yake.

Chakula kiwe chepesi. Sahani ya katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na nyama au matumbo, saa sita usiku ni mzigo kwa tumbo ambalo kwa saa zake limefunga duka. Kunywa maji bila kungoja kiu: hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi uko chini ya asilimia 20. Tena mgandamizo wa ndani unaweza kuwa sawa na wa kimo cha futi 8,000, juu kuliko mji wa Kabale. Oksijeni imepungua kidogo, nayo huongeza uzito kichwani.

Dawa za mafua na mzio za aina ya Piriton hulevya kwa saa nyingi, na watu huzimeza kama pipi. Usiruke nazo. Meflokwini ya kukinga malaria haifai kwa rubani kabisa, kwa sababu inaweza kuvuruga akili. Kila dawa mpya, muulize daktari wa anga kwanza. Pombe ya "kusaidia kulala" hukatakata usingizi katikati ya usiku, ukaamka umelala saa nane na umepumzika tatu.

Hatua ya 6: Angani, mtu mmoja apumzike kwa utaratibu

Safari ya marubani watatu au wanne ina kitanda na zamu, na zamu hizo mzigawane mkiwa bado chini. Atakayetua apewe usingizi wa kipande kile kilichopakwa rangi.

Kwenye safari ya wawili, baadhi ya mashirika huruhusu mmoja kulala kitini kwa muda mfupi. Soma kitabu cha kampuni yako. Kama hakiruhusu, usifanye. Kama kinaruhusu, ufanywe hivi. Iwe katikati ya safari, ndege imetulia, hali ya hewa ni safi. Mhudumu aarifiwe na apige simu mbele kila baada ya muda mliokubaliana. Anayelala asogeze kiti nyuma, mbali na usukani. Muda usizidi dakika 40. Akiamka, apewe dakika 20 za kuzinduka kabla hajagusa kitu wala kuamua neno.

Dakika 40 hizo zina historia. Watafiti wa NASA waliwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 angani. Kwa wastani walilala 26, na katika sehemu ya mwisho ya safari walikuwa makini kuliko wenzao ambao hawakupumzika. Ukizidisha, unaingia usingizi mzito, na kutoka humo ni vigumu. Januari 2011, juu ya Atlantiki, rubani msaidizi wa ndege ya Kanada alilala kupita muda unaoruhusiwa. Alipoamka, mawenge hayajamtoka, aliiona sayari ya Zuhura akadhani ni ndege inayokuja. Muda mfupi baadaye, alipoiona ndege ya kweli iliyokuwa ikipita salama chini yao, akasukuma usukani mbele. Abiria 14 na wahudumu wawili waliumia, wengi wao hawakuwa wamefunga mikanda. Mei 2010, huko Mangalore, India, kapteni alilala sehemu kubwa ya safari kutoka Dubai, mkoromo wake ukanaswa na kinasa sauti. Aliamka ndege iko juu mno, akaendelea kushuka ingawa msaidizi alimwambia wapande tena. Watu 158 walikufa, wanane wakapona.

Na aliyebaki macho asiachwe bila kazi. Januari 2024, huko Indonesia, kapteni alipumzika kwa makubaliano, na mwenzake, mwenye watoto pacha wa mwezi mmoja nyumbani, akapitiwa bila kujua. Kwa dakika 28 hakuna aliyejibu redio. Kwa hiyo unayebaki: washa taa, kaa wima, andika mafuta na muda kila nusu saa kwa kalamu, zungumza na mhudumu. Otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege yenyewe, ikifanya kila kitu vizuri ndiyo inayobembeleza usingizi.

Hatua ya 7: Jifunze kusema

Tumelelewa kwamba mdogo hamkosoi mkubwa. Ukichoka, malezi hayo huzidi nguvu, kwa sababu kunyamaza ni rahisi. Basi ruhusa itolewe kabla ya kuruka. Kapteni aseme mwenyewe kwenye maandalizi: "Nililala saa sita, nina wasiwasi na saa kumi. Ukiniona nimenyamaza, niite." Na msaidizi naye ataje zake. Dakika moja inatosha.

Ukiona kosa, anza na cheo, taja namba, taja cha kufanya: "Kapteni, mwendo 118, unashuka, ongeza nguvu." Heshima imo, kwenye neno la kwanza. Maneno ya kuzungukazunguka, "samahani mzee, sijui kama umeona", hayamfikii mtu aliyeingia ndani ya taa yake. Asipojibu mara mbili, chukua ndege kama ulivyofundishwa.

Hatua ya 8: Funga maamuzi ya kutua kabla ya kushuka

Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Shirika la Ndege la Uganda, ikitoka London kuja Entebbe kupitia Roma, ilifika Roma usiku wa manane katika ukungu. Ilijaribu kutua mara mbili, ikashindwa. Mara ya tatu iliendelea kushuka chini ya kimo cha mwisho kinachoruhusiwa bila kuiona njia, ikaanguka. Kati ya watu 52, walikufa 33. Wachunguzi wa Italia walitaja kukosekana kwa uratibu, hasa vimo kutotajwa kwa sauti, na miongoni mwa mambo yaliyochangia wakataja uchovu wa mwili na akili waliodhani ulilimbikizwa na majaribio mawili ya kwanza. Ninaposoma habari hiyo huwa siwazi uzembe. Nawaza watu wa kwetu, wamechoka, wanataka kufika, na kila jaribio linakula akili ya jaribio linalofuata.

Kwa hiyo nusu saa kabla ya kushuka, taa zimewashwa, zungumzeni haya kwa sauti na kuyaandika: tutajaribu mara ngapi (mimi husema mbili, basi), mafuta yakifika kiasi gani tunaondoka, na tunakwenda wapi, Nairobi au Kigali. Baada ya hapo hakuna mjadala. Mkiwa mmechoka mnafuata karatasi iliyoandikwa na watu wasiochoka kama ninyi.

Entebbe ina mtego wake. Ukitua kwa njia namba 35 unakuja kutoka juu ya ziwa, na usiku ziwa ni giza tupu chini yako, bila kitu cha kupimia umbali. Jicho lililochoka huona liko juu kuliko lilivyo, likakuvuta chini. Amini vipimo. Alfajiri, ngurumo za ziwani huwa zinaamka wakati ule ule ambao mwili wako uko chini kabisa. Omba njia ndefu ya kuzizunguka, hata kama dakika kumi zitaongezeka. Taja kila kimo kwa sauti, hata kile kinachoonekana wazi.

Hatua ya 9: Baada ya kutua

Andika ripoti ya uchovu kabla hujatoka uwanjani, hata kama hakuna kilichoharibika: ulilala lini, uliamka lini, lepe lilikupata wapi. Ripoti moja haibadilishi rosta, lakini ripoti kumi na mbili za safari moja zinamfanya mpanga rosta aitazame upya.

Kisha mpe mtu mwingine funguo za gari. Barabara ya kwenda Kampala imenyooka, jua la asubuhi liko usoni, na wewe ndiwe rubani yule yule wa saa 14 au 20 macho, sasa huna msaidizi wala otopailoti. Kama hakuna wa kukuchukua, lala Entebbe saa mbili tatu kwanza, na piga simu nyumbani useme utafika mchana.